Kisu kimoja cha porini kwa kazi zote, bajeti elfu 60. Naombeni ushauri

Mtoto wa Tabata:
Habari zenu wakuu. Nipo hapa Dar, tuna kikundi chetu tunapenda kwenda kulala kwenye mahema wikendi, mara Uluguru, mara tunaingia Pugu asubuhi jioni tumerudi, na tukivuka Kigamboni basi ni kuvua na kuchoma samaki tu. Natafuta kisu kimoja cha kudumu. Kazi zenyewe ni zile za kawaida, kukata kamba, kuchonga vigingi vya hema, kumenya viazi, kupara samaki, kuchana vijiti vya kuwashia moto. Mimi sio mwindaji wala sina mpango wa kupigana na simba. Bajeti elfu 60, ikibana sana naenda hadi 80.

Sasa Kariakoo nimeona kile cha komando, mgongoni kina msumeno, mpini wa duara, kifuniko chake kina dira na ndani kuna viberiti na ndoana, jamaa anataka elfu 35 anasema ni stenlesi orijino hakijui kutu. Kinavutia aisee. Nichukue? Halafu kuna watu wanasifia sana Mora, nikiangalia picha naona kifupi na kimekaa kama cha jikoni, wanakisifia nini? Panga tunalo tayari.

Mzee wa Nyundo:
Mkuu usinunue hicho. Mpini wa duara wenye uwazi ndani maana yake ule ubapa umeishia mwanzoni mwa mpini, umeshikiliwa na nati tu au gundi. Ukichonga viazi utadhani umelamba dume, siku ukianza kugonga kuni unaanza kucheza, na ukichomoka unaruka na watu wamekaa karibu na moto. Ule msumeno nao ni pambo. Meno ya msumeno wa mbao hupanuliwa kushoto na kulia ili upite, yale yako mstari mmoja, yanabana kwenye mti katikati ya safari. Mbaya zaidi yamekuharibia mgongo wa kisu, kwa hiyo ukitaka kupasua kuni kwa kugonga mgongo na gogo, gogo lako linaliwa. Na dira imekaa juu ya chuma, sijui itaelekeza kaskazini ya wapi.

Cha kuangalia kwanza ni mkia, yaani chuma kinaingia kiasi gani ndani ya mpini. Kizuri zaidi ni kile kinachofika mwisho kabisa unakiona pembeni kwa macho, kimepigwa ribiti. Kikifika zaidi ya nusu na mpini umebana vizuri kwa kazi zako kinatosha. Pili unene, milimita 2.5 hadi 3 basi. Watu wanapenda visu vinene milimita 5 au 6 wanaona ndio vya kiume, halafu wakienda kukata nyanya inapasuka badala ya kukatika. Tatu urefu, sentimita 10 zinakutosha, kirefu zaidi ya hapo kinakusumbua kwenye kuchonga na kwenye samaki mdogo, na la kufyeka umeshasema panga mnalo.

Na neno stenlesi peke yake halikwambii kitu. Kuna za kila namna, nyingine laini hadi unanoa asubuhi jioni kimeshakuwa butu. Kiwanda kinachojiamini kinaandika jina la chuma. Ukiona 3Cr13 au 420 ujue haishiki kutu kirahisi na kunoa ni rahisi ila makali hayakai sana, 8Cr13MoV imesogea kidogo. Hakijaandikwa kitu zaidi ya "stainless" na picha ya tai? Hiyo elfu 35 kanywee supu.

Mtoto wa Tabata:
Nimecheka hapo kwenye tai maana kweli kina tai 😂 Kwa hiyo Mora ndio jibu?

Mzee wa Nyundo:
Kwa hela hiyo ndio, mimi sioni cha kukipita. Mora ni mji huko Sweden wana asili ya visu miaka mingi, kampuni yenyewe historia yake inaanza 1891. Tafuta inaitwa Companion. Ubapa sentimita 10 na kidogo, unene milimita 2.5, mpini wa plastiki na mpira haukutelezi ukiwa na mafuta ya samaki mkononi, ala ni ya plastiki inaoshwa tu. Mkia haufiki mwisho wa mpini, hilo lazima nikwambie ukweli, kwa hiyo usikitumie kama mtaimbo kubandulia vitu. Hiyo sura ya kisu cha jikoni ndio uzuri wake, kinakata.

Dada wa Feri:
Naongezea kwenye samaki maana naona wanaume mnaongelea kuni tu. Kaka, Mora ziko za aina mbili, stenlesi na ya kaboni. Ya kaboni inanoleka tamu na wengi wanaisifia, ila kwa Kigamboni chukua stenlesi. Maji chumvi hayana undugu na kaboni, ukiisahau usiku mmoja kwenye ala imelowa asubuhi ina madoa mekundu. Hata ndimu na embe bichi vinaibadilisha rangi inakuwa ya kijivu nyeusi, hiyo haina madhara ila mtu asiyejua atadhani imeoza.

Na stenlesi nayo sio kwamba haishiki kutu kabisa, inachelewa tu. Ukimaliza samaki osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, futa, acha ikauke NJE ya ala, ukitaka paka mafuta ya nazi kidogo maana hicho kisu utamenyea na viazi, usipake oili ya gari. Ala ya ngozi kwa baharini achana nayo, inanyonya chumvi inakaa nayo humo.

Ila pale Feri ukiangalia wapara samaki wengi wanatumia visu vyembamba vya kawaida tu vimenolewa hadi vimebaki nusu. Bei sio ishu sana, ishu ni kunoa.

Kisiki Kikavu:
Sasa mbona mnatupa hela Ulaya wakati Gerezani mafundi wamejaa. Unachukua kipande cha springi ya gari, fundi anakukatia umbo unalotaka, mkia hadi mwisho, mpini wa mninga, kisu kinarithiwa na wajukuu. Hizo plastiki mtajua wenyewe.

Mzee wa Nyundo:
Kisiki sikupingi, chuma ni kizuri sana, ila wengi wanaishia kwenye kukata umbo na kunoa. Springi ilitengenezwa ipinde irudi, haikutengenezwa ikate, kwa hiyo ugumu wake uko chini kidogo ya unaotakiwa kwenye kisu. Fundi anatakiwa akipashe upya hadi kiwe chekundu na sumaku isishike tena, akizamishe kwenye oili, akizamisha kwenye maji kinaweza kupasuka, halafu akirudishe kwenye joto la kama digrii 200 saa moja mbili ili kisiwe cha kuvunjika kama kioo. Muulize fundi wako hayo maswali kabla hujatoa hela, akikujibu vizuri mpe kazi. Kikitoka pitisha tupa kwenye makali, ikiteleza kimeshika ugumu, ikila kama inakula msumari basi umepewa springi yenye mpini. Na mwambie apunguze unene, springi ya lori ni nene mno, atakupa shoka.

Mjukuu wa Savoie:
Opinel namba 8 hamuijui? Ya Ufaransa tangu 1890, ya kukunja, sentimita 8.5, ina pete ya kufunga isikukunjikie vidoleni, bei yake na Mora wanakaribiana. Inaingia mfukoni unasahau kama unayo.

Dada wa Feri:
Ya kukunja kwa samaki 😅 magamba na utumbo vinaingia kwenye kiungo, na mpini wake ni mti ukilowa unavimba hata kufungua shughuli. Kwa matunda na mkate sawa.

Mtoto wa Tabata:
Nimewaelewa wakuu, naenda na Mora stenlesi. Maswali ya mwisho, naipataje hapa bila kupigwa, nainolea nini, na kwenye daladala inakuwaje?

Mzee wa Nyundo:
Huko kwao ni kama dola 15 hadi 20, kwa hiyo mtu akikuuzia elfu 12 mpya ndani ya boksi jiulize mara mbili. Njia rahisi ni ndugu anayekuja kutoka nje akubebee, ila aiweke kwenye begi la chini, sio la mkononi, wataichukua uwanjani.

Kunoa usimpe mtu wa grainda. Ile ncha ikigeuka rangi ya bluu ugumu umeshaondoka hapo, unarudi na kisu kinachong'aa hakikati. Nenda duka la rangi za magari nunua msasa wa maji, 400, 800 na 1500, bandika juu ya kigae au kioo. Mora ina mteremko mpana mmoja tu hadi kwenye makali, unaulaza wote kwenye msasa na maji kidogo, unasukuma, huhitaji kukisia pembe. 400 ni kikiwa butu kabisa tu. Malizia kwa kupiga piga kwenye mkanda wa ngozi.

Daladala weka ndani ya begi chini ya nguo, kiunoni ni huko huko porini. Ukikutwa nacho kiunoni Buguruni saa tatu usiku, maelezo ya viazi hakuna atakayeyasikiliza.

Dada wa Feri:
Na wakikuuliza rangi sema ya chungwa. Najua utataka ile ya kijani ya kijeshi, ikidondoka kwenye majani Uluguru mtaitafuta hadi kiza kiingie.