Kwa Bibi, Muheza 🌿

*Jumatano*

06:14 Shangazi Rehema: Asalaam aleikum wanafamilia. Niko kwa Bibi siku ya tatu leo. Jana nimekaa na zile pasheni tangu mchana. Ua linafunguka kama saa sita, usiku linajifunga, kesho yake liko chini. Nimehesabu maua 41, yaliyoshika 3. Tatizo si mbolea jamani

06:16 Shangazi Rehema: Hakuna wa kuyachavusha. Pasheni ya njano haijizalishi yenyewe, inataka chavua ya mche mwingine. Nyuki wa asali ni mdogo mno, anachukua chavua zake anaondoka. Anayeiweza ni lile linyuki jeusi linalotoboa mbao. Mgongo wake unafika panapotakiwa

06:17 Shangazi Rehema: Sasa la haraka. Hamisi, Bibi anasema umeleta pampu na dawa, unapuliza Ijumaa asubuhi. USIPULIZE. Nijibu

06:21 Shangazi Rehema: Jumamosi watu wote saa moja asubuhi. Tulipandie lile linyuki maua: marejea na mbaazi mpakani, mirehani pale kisimani. Kila mtu elfu tano, namba ileile

09:50 Juma: Lile linyuki si ndilo lilinikimbiza nikaacha ndara? Leo ndiyo tulilimie 😂

09:52 Mwanahawa: Ndara zako ziko mpaka leo chini ya mlimau

09:52 Juma: Zote mbili?

09:53 Selemani: 😂😂😂

10:08 Shangazi Rehema: Juma, linalokuja usoni na kuelea hapo hapo ni dume, halina mwiba hata kidogo. Jike ndilo linao, na halikuumi mpaka ulishike. Haya tuache ndara. Hamisi yuko wapi?

10:30 Tatu: Shangazi na hawa viwavi je? Wamejaa kwenye mlimau, kama mavi ya ndege 📷

10:34 Selemani: Hao nao wapigwe dawa

10:41 Mwanahawa: Wasiguswe! Hao wakikua kidogo wanakuwa kijani, mwisho ndio wale vipepeo wakubwa weusi wenye madoa ya njano. Nilipokuwa Amani tulikuwa tunawafugia vipepeo, mti mkubwa haufi kwa majani mawili matatu. Mche mdogo ndio wa kuwatoa kwa mkono

10:42 Juma: Tatu niangalizie ndara hapo hapo

13:05 Shangazi Rehema: Hamisi naona umesoma

13:40 Hamisi: Shikamoo shangazi. Dawa nimenunua kwa hela yangu mwenyewe, kwa nia njema. Hayo madudu yametoboa boriti za jiko la Bibi, matundu tisa, unga wa mbao unaangukia sufuriani. Paa likija chini mtauliza Hamisi alikuwa wapi. Nilitaka nipulize pasheni, inayobaki nimwage kwenye matundu

13:44 Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Najua unamhangaikia Bibi. Lakini hayali mbao, yanachimba ya kuzalia tu. Ukiyaua, hizo pasheni umeziua vilevile. Boriti zikipakwa rangi hayazipendi. Yalianza lini kuingia jikoni?

13:51 Hamisi: Mwaka juzi

13:52 Mwanahawa: Baada ya gogo

14:30 Baba Mdogo Idi: Gogo gani?

14:33 Mwanahawa: La mwembe, Baba Mdogo. Lile la nyuma ya choo. Lilikuwa na matundu yao tangu Babu yupo. Likawa mkaa

14:35 Baba Mdogo Idi: Hilo tulilimaliza siku ya hitma. Na magunia yalikuwa manne, si saba. Msinirudishe huko

14:36 Mwanahawa: Mimi sijataja magunia

14:37 Selemani: Kumbe walibomolewa nyumba wakahamia jikoni. Wadaini kodi 😂

14:40 Shangazi Rehema: Selemani tulia. Kaka Idi, sikusudii magunia. Ila Mwanahawa amesema kweli, kwao ni mti mkavu. Tukitaka watoke jikoni tuwape pengine pa kukaa

*Alhamisi*

07:20 Shangazi Rehema: Waliotuma elfu tano mpaka sasa ni wawili. Nawaona mnasoma

08:15 Tatu: Huyu ni Bibi anaongea, mimi naandika tu. Ameniambia nisomee yote tangu jana

08:19 Tatu: Anasema: Hayo si madudu. Ni duduvule. Babu yenu alikuwa akikaa kwenye lile gogo mchana, akiwasikia wakitoka anajua maua yamefunguka. Pampu isiingie uani kwangu. Hamisi mjukuu wangu nimekuelewa, lakini jiko ni langu na mimi ndiye ninayepika humo. Na wewe Idi, lile gogo lilikuwa la kuulizwa. Hukuniuliza. Basi

09:46 Baba Mdogo Idi: Nimekusikia mama. Unisamehe

09:47 Baba Mdogo Idi: Gogo nitaleta mimi

09:49 Shangazi Rehema: Allah akubariki kaka. Liwe kavu, lisiwe limepakwa dawa. Litafika kabla ya Jumamosi?

11:30 Shangazi Rehema: Kaka?

12:10 Juma: Mimi Jumamosi nipo. Jembe nakuja nalo

12:12 Shangazi Rehema: Ahsante Juma. Mbegu za mbaazi ninazo. Marejea anayo nani? Mwanahawa ulisema kuna jirani yako

16:05 Mwanahawa: Nilimuuliza, anazo ila yuko msibani Korogwe. Nitamtafuta tena

19:22 Hamisi: Shangazi, uani kwa Bibi siingizi kitu, neno la Bibi limepita. Lakini nyanya zangu ziko upande wa pili wa uzio, na zimeingiwa na wadudu kweli

19:25 Shangazi Rehema: Uzio hawaujui hao mwanangu, watakuja huko huko. Kama ni lazima basi puliza jua likizama wakishalala, na pasiwe na upepo

19:31 Hamisi: Jioni ndiyo nakuwa kwenye bodaboda, ndiyo saa ya abiria

19:32 Shangazi Rehema: Siku moja tu Hamisi

22:48 Baba Mkubwa Athumani: Waaleikum salaam. Nilikuwa safarini. Hii ni Jumamosi ya kesho kutwa au ijayo?