Timu ya watu watano: Scrum au Kanban?

Wakuu, timu ina waprogramu wanne na mpimaji mmoja. Nusu ya kazi ni vipengele vipya vya mfumo wa malipo, nusu ni hitilafu za wateja zisizo na ratiba. Tufuate ipi: Scrum (kazi hupangwa kwa vipindi vifupi vya muda maalum) au Kanban (kazi hupita ubaoni safu kwa safu, kila safu ikiwa na kikomo)?

Jibu 1: Hitilafu zikiingia kila siku, mpango wa sprinti (kipindi kimoja cha Scrum) ya wiki mbili hautafika hata Jumatano. Anzeni na Kanban. Ubaoni wekeni safu nne: Inasubiri, Inaandikwa, Inapimwa, Imekamilika. "Inaandikwa" isizidi kadi nne (kadi moja ni kazi moja), "Inapimwa" mbili. Safu ya kupima ikijaa, mprogramu haanzi kadi mpya, anamsaidia mpimaji. Hapo ndipo wengi huchemsha: wanapandisha kikomo, foleni inarefuka.

Jibu 2: Hesabu ya foleni hiyo ni hii: kadi 12 zikiwa zimeanzwa bila kukamilika na mnamaliza 3 kwa siku, kila kadi inachukua wastani wa siku 4. Zikiwa 6, siku 2.

Jibu 3: Napinga kidogo. Mteja akidai tarehe, Scrum bado inafaa. Kila sprinti mtengeni mprogramu mmoja wa zamu ya hitilafu, asihesabiwe kwenye mpango. Na kikao cha asubuhi ni dakika 15, si ripoti kwa bosi.

Muuliza: Kikomo cha mbili kwa mpimaji mmoja si kingi?

Jibu 1: Hapana. Moja iko mkononi, nyingine inasubiri marekebisho.