Mbegu za mwangati hazioti, nifanyeje?

Kijana_Shume: Shikamooni wazee. Nataka kupanda mwangati, ule mti wa asili wa milimani, mpakani mwa shamba la baba, huku Shume, Lushoto. Niliokota mbegu chini ya mti mkubwa, nikazisia, namwagilia tangu vuli. Yameota magugu tu. Jirani anasema nipande saipresi, inakua upesi. Mimi nataka mwangati.

Babu_Kitalu: Marahaba mwanangu, na shika hapohapo. Mwangati una dume na jike. Dume hutoa vumbi la njano, hauzai. Jike ndio wenye vitunda, ila ukisimama mbali na dume, mbegu zake nyingi huwa mapepe, tupu ndani. Tena usiokote chini, hizo wadudu wameshazitoboa. Chuma mtini, kitunda kikiwa cha bluu iliyokolea na kina ungaunga mweupe juu. Ukikiminya kinanuka utomvu. Loweka usiku kucha, fikicha na mchanga mpaka nyama yote itoke, kisha mimina kwenye ndoo ya maji. Zinazoelea tupa. Zilizozama ndizo mbegu. Zitaota kwa kuachana, wiki kadhaa, nyingine miezi, kwa hiyo usilifumue tuta mapema.

Miche ipe kivuli chepesi, ikishika mizizi iondolee. Mti huu unataka jua: porini huota palipoungua au palipoanguka miti mikubwa. Na huko kwenu inauma zaidi. Wajerumani waliifyeka miangati ya Shume kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, mbao zikateremshwa kwa waya hadi Mkumbara kwenye reli ya Tanga. Miti iliyochukua mamia ya miaka kukua! Nafurahi sana kuona kijana anairudisha.

Mkulima_Nyahururu: Huku Kenya mwangati tunauita mtarakwa. Nguzo za boma alizochimbia babu yangu bado zimesimama, mchwa hawazigusi. Ila kaa mbali na saipresi ya jirani. Vidukari vilivyoingia Kenya mwaka 1990 vilikausha saipresi, na mtarakwa pia vinaushambulia.

Kijana_Shume: Asanteni sana. Babu, mche wa dume nitautambuaje?

Babu_Kitalu: Hautambuliki mpaka ukomae, na hiyo ni miaka mingi. Panda mingi pamoja, usiweke mmoja mmoja kila kona ya shamba. Dume halitakosekana. Na ng'ombe wasipite hapo miaka ya mwanzo.