Mpira wa kikapu, kwaya, mdahalo au baraza la wanafunzi: kipi kimfae mtoto wa miaka 12?

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, binti yangu ana miaka 12 na ameanza shule ya kati muhula huu. Shule yao inamruhusu kila mwanafunzi kuchagua shughuli mbili za nje ya darasa, naye amebakiwa na nne anazozipenda: timu ya mpira wa kikapu, kwaya, klabu ya mdahalo na baraza la wanafunzi. Naomba maoni ya walimu walezi na ya wazazi waliotangulia. Katika umri huu, ni ipi inayompa mtoto nafasi ya kushiriki kwa kweli, badala ya jina lake kuandikwa tu kwenye orodha? Sitafuti kombe wala cheti. Natafuta mahali ambapo siku asipofika, wenzake watalazimika kujipanga upya.

Kocha wa vijana

Mleta mada, nitatetea mchezo, lakini kwa masharti. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya nguvu ya kati hadi ya juu, na kati ya hizo nne ulizozitaja, ni mchezo pekee unaochangia kiwango hicho moja kwa moja.

Masharti yangu ni haya. Mpira wa kikapu huchezwa na watu watano kwa kila upande, na orodha ya timu kwa kawaida huwa na wachezaji 12, kwa hiyo wakati wowote wa mchezo saba wako kwenye benchi. Kabla hata ya benchi kuna mchujo, na mchujo wa watoto wa miaka 11 hadi 14 hupima zaidi balehe kuliko kipaji. Pale ambapo timu hupangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, aliyezaliwa mwanzoni mwa mwaka huweza kumzidi mwenzake karibu miezi 12 ya kukua. Huchaguliwa kwa sababu ya urefu na nguvu, hupata mazoezi zaidi, na baada ya muda tofauti iliyokuwa ya mwili hugeuka kuwa tofauti ya ustadi. Kwa hiyo usiulize kama shule ina timu nzuri. Uliza mchezaji aliye mwisho kabisa kwenye orodha anacheza dakika ngapi, na walioachwa kwenye mchujo wanapelekwa wapi.

Mlezi wa kwaya

Hapo ndipo kwaya inapoushinda mchezo. Kwaya haina benchi: wanafunzi 40 wakiingia mazoezini, wote 40 wanafanya kazi kwa wakati mmoja, na asiyefanya mazoezi anaisikia kasoro yake mwenyewe mara moja.

Jambo linalohitaji uangalifu katika rika hili ni sauti. Zoloto, yaani kiungo cha kooni kinachotoa sauti, hukua haraka wakati wa balehe. Sauti ya mvulana huweza kushuka kwa karibu oktava nzima, huku ikikatika katikati ya wimbo. Ya msichana hushuka kidogo tu, lakini kwa kipindi fulani huweza kuwa na pumzi nyingi na kukosa uthabiti. Mwalimu asiyelielewa hili humwambia mtoto afungue mdomo bila kutoa sauti siku ya onyesho, na watoto wengi huacha kuimba kwa maneno kama hayo. Mwalimu anayelielewa humhamishia kwenye sauti nyingine, au humwandikia mstari wenye noti chache anazozimudu. Nenda ukahudhurie zoezi moja, uangalie mwalimu anafanya nini mtoto anapokosea.

Kocha wa vijana

Mlezi, nakubaliana nawe kuhusu benchi, ila katika watu 40 ni rahisi sana pia kujificha. Sharti la mleta mada lilikuwa pengo lionekane. Mwimbaji mmoja wa sauti ya kwanza akikosekana kati ya kumi, nani ataona?

Mlezi wa kwaya

Ni hoja ya haki. Ndiyo maana napenda kuwagawa katika vikundi vya watu wanne au watano ndani ya muhula, na kila kikundi kuimba peke yake mbele ya wengine. Mahali ambapo hilo halifanyiki, hoja yako inasimama.

Mwalimu wa mdahalo

Kwa sharti hilo la pengo, mdahalo uko mbele. Katika mtindo wa mashindano ya dunia ya shule, kila upande una wazungumzaji watatu, kila mmoja dakika 8, kisha hotuba ya majibu ya dakika 4. Kwa wanafunzi wa shule ya kati tunapunguza dakika hizo, lakini mgawanyo wa kazi haubadiliki: wa pili asipofika, hoja alizoandaa hazina mtu wa kuzitetea, na wa tatu hana cha kujenga juu yake.

Faida ninayoithamini zaidi ni kwamba mtoto hupangiwa upande. Anayeamini kwamba kazi za nyumbani zipunguzwe hulazimika kutafuta sababu nzito za kuzitetea, na kufikia mwisho wa maandalizi anamsikiliza mpinzani wake kwa namna nyingine kabisa. Udhaifu upo, nao ni mkubwa: wasemaji hodari huhodhi nafasi, na waoga wakageuzwa watunza saa mwaka mzima. Klabu nzuri hubadilisha majukumu katika kila mada.

Mzazi wa watatu

Naona wengi mmelikwepa baraza la wanafunzi, nami nadhani linastahili maneno makali zaidi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 12, unampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu na maoni hayo kupewa uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Baraza lingeweza kuwa mahali pa haki hiyo. Mwaka 1992 mtafiti Roger Hart alichora ngazi ya ushiriki wa watoto yenye vidato vinane, na vitatu vya chini kabisa, yaani kutumiwa, kuwa pambo na kuwekwa kwa jina tu, alivihesabu kuwa si ushiriki hata kidogo. Mabaraza mengi niliyoyaona yamekaa kwenye vidato hivyo: uchaguzi wa kelele, mabango, kisha wawakilishi wanatumwa kupanga viti siku ya wazazi.

Ombeni kuona kumbukumbu za vikao vya mwaka uliopita. Kama hakuna uamuzi hata mmoja wa uongozi uliobadilika kwa sababu ya baraza, mtoto asubiri.

Muuguzi wa shule

Niongeze jambo moja fupi kuhusu ratiba. Mtoto wa miaka 12 anashauriwa kulala saa 9 hadi 12 kwa siku. Akifikisha 13, ni saa 8 hadi 10. Hesabuni zoezi, safari ya kurudi nyumbani, chakula na kazi za shule, kisha muone saa ya kulala inaangukia wapi. Shughuli mbili zisiwe jioni moja.

Mleta mada

Nawashukuru nyote, Mwalimu na Mzazi wa watatu hasa. Tumeamua mdahalo uwe wa kwanza, kwa kuwa mlezi wao ameniambia kwamba majukumu huzunguka. Mpira wa kikapu utakuwa wa pili iwapo kocha atatuthibitishia kwamba kuna kikundi cha mazoezi kwa wasiopita mchujo. Kama hakipo, tutachukua kwaya. Kumbukumbu za baraza nimeziomba ofisini, nami nitazileta hapa nikizipata.