Jina la Mungu kwa Kiebrania: litamkwe au liachwe?

Fundi Saa: Wakuu, kwenye maandiko ya Wayahudi jina la Mungu limeandikwa zaidi ya mara 6,800, herufi nne tu, YHWH, ila msomaji akifika hapo anasema Adonai, yaani Bwana wangu. Kwa nini uandike kitu usichotaka kisomwe? Mi naona matamshi waliyasahau, heshima wanasingizia tu.

Mama Neema: Kusahau?? Hekalu lilipokuwepo kuhani mkuu alilitamka Siku ya Upatanisho, watu wakaanguka kifudifudi, imo kwenye Mishna, kitabu cha kale cha sheria za Wayahudi. Warumi wakabomoa hekalu mwaka 70. Wewe baba yako unamwita kwa jina?

Kobe: Mzee wangu namwita Juma na anaitika 😂

Mama Neema: Ndo malezi hayo.

Fundi Saa: Tuache ya Juma. Ruthu sura ya 2, Boazi anawasalimia wavunaji kwa jina hilohilo, shambani, wala sio kuhani. Na mfalme wa Moabu, mpagani, kalichonga kwenye jiwe lile liko Louvre, makumbusho ya Paris, karne ya 9 KK. Halikuwa siri!

Mwl. Zakayo: Kwanza muache hiyo "Yehova". Wamasoreti, wale wasomi wa Kiyahudi walionakili maandiko, waliweka irabu za Adonai kwenye zile konsonanti nne, YHWH, ili msomaji akumbuke kusema Adonai, Wakristo wa Ulaya wakaja kusoma vyote kwa mpigo. Hakuna Myahudi wa kale aliyesema hivyo.

Dada Rehema: Yaani bibi yangu aliyekesha akimwita Yehova alikuwa anaita hewa? Biblia ya Union Kutoka 6:3 imeandikwa YEHOVA kwa herufi kubwa, sa wewe na kidiploma chako ndo umewazidi waliotafsiri?

Mwl. Zakayo: Nimetaja irabu, bibi yako sijamgusa. Na ni digrii.

Kobe: Digrii ya irabu 😂😂

Mkatoliki Halisi: Hata Vatican 2008 walielekeza Yahweh, yaani hizo YHWH zikitamkwa, lisitumike kwenye liturujia, sala wala nyimbo. Sisi tulishatii.

Dada Rehema: Mmetii wapi? Jumapili nimepita parokiani kwenu kwaya inaliimba kwa spika mbili.

Mkatoliki Halisi: Hao walikuwa wageni, na ilikuwa baada ya misa.

Fundi Saa: Boazi jamani??

Mama Neema: Wageni gani wenye sare zenu za kijani? Na kinanda chenu kile kibovu nakijua kikilia.