Naombeni ushauri: dalsima ya nyundo, mahadhi ya asili katika ufunguo wa D yananikwamisha

Nyuzi46:
Salaam wakuu. Dalsima yangu (ala ya nyuzi inayopigwa kwa vinyundo viwili) ni ya 12/11: jozi 12 za nyuzi kwenye daraja (kijiti kinachobeba nyuzi) la kati, 11 kwenye daraja la besi, yaani la sauti nzito. Mahadhi ya polepole yanatoka vizuri. Ya kasi katika D mikono inakwamana, na nikipanda kuelekea D ya juu kuna noti moja inatoka kombo. Nifanyeje? Na nikitaka kuwagawia wenzangu mahadhi niliyoyashika, niyaandike vipi?

Mgonganyuzi:
Mkuu, noti hiyo bila shaka ni C. Ngazi ya D (noti zake kwa mfuatano) huanzia kwenye jozi yenye alama, upande wa kulia wa daraja la kati, ambalo kila jozi yake hutoa noti moja kulia na nyingine kushoto: D, E, F shapu (yaani F iliyopandishwa nusu hatua), G. Kisha unavuka kushoto na kushuka hadi usawa wa ile D ya mwanzo: A, B, C shapu, D. Tatizo ni kwamba A na B zipo pia kulia, juu tu ya G, kwa sauti ileile. Ukizipigia huko, jozi inayofuata ni C ya kawaida. Kwa hiyo amua kabla ya kuongeza kasi: kifungu kikizunguka G-A-B-A-G, baki kulia, kikigusa C shapu, vuka mapema, kwenye A.

Kuhusu mikono: ukipanda D hadi D kwa kupokezana, anza na mkono wa kushoto. Ukianza na wa kulia, G inaangukia mkono wa kushoto na A inaangukia wa kulia, ndiyo mikono inapigana misalaba. Kushuka ni kinyume, anza na wa kulia. Mahadhi yakikulazimisha uanze na mkono usiofaa, tafuta noti ndefu kabla ya kuvuka na ubadilishie mkono hapo.

Daraja_la_Kati:
Naongeza. Linganisha A ya kushoto na ile ya kulia kabla ya mazoezi. Zikipishana kidogo utadhani umekosea wewe. Uzi wa daraja la kati ukiwa sawa kulia lakini mbovu kushoto, usikimbilie kuzungusha kigingi cha kukazia uzi, utaharibu pande zote mbili. Mara nyingi uzi umeng'ang'ania juu ya daraja. Ubonyeze taratibu kwa kidole karibu na daraja, upige tena. Kama jozi zote zimekosea kuelekea upande uleule, daraja lenyewe limesogea.

Sikio_Kwanza:
Usiguse nyundo mpaka uweze kuyaimba mahadhi yote kwa mdomo. Mengi ya mahadhi ya dansi yana sehemu mbili za vipimo 8 (vipimo ni vipande sawa vya mapigo), kila moja hurudiwa, jumla vipimo 32. Shika kwanza noti za mapigo mazito tu, halafu jaza katikati vipimo 2 kwa 2, kwa nusu ya kasi. Sikiliza sana mwisho wa sehemu ya kwanza: unapokwenda kurudia na unapoingia sehemu ya pili huwa si sawa, na hapo wengi hupotea.

Nyuzi46:
Asanteni sana. Na mahadhi ya 6/8, yaani noti 6 kwa kila kipimo, tatu kwa kila pigo? Kupokezana kunafanya pigo la pili lianze na kushoto.

Mgonganyuzi:
Ndivyo, kulia-kushoto-kulia, kushoto-kulia-kushoto. Jizoeze hivyo. Ukirudia mkono wa kulia kila mwanzo wa kundi, msisitizo unakuwa mzuri ila unapiga mara 2 mfululizo kwa mkono mmoja, na kasi inakufa.

Herufi_na_Noti:
Kwa kugawana, tumia maandishi ya ABC, yaani kuandika noti kwa herufi za kawaida. Yanaingia hata kwenye ujumbe wa kawaida. Anza na X: (namba), T: (jina), M: (mdundo), L: (urefu wa noti), na K: (ufunguo) iwe ya mwisho kabla ya noti. Kosa kubwa liko kwenye K:. Mahadhi mengi yanatulia kwenye E lakini yana C shapu. Ukiandika K:Em (E mdogo), kila C itasomwa ya kawaida. Hayo yaandikie K:Edor (E ya Dorian, yenye C shapu). Ambatanisha na rekodi: mzunguko mmoja polepole bila mapambo, mmoja kwa kasi yake. Na taja uliyapata wapi, maana mengine yanayodhaniwa ya asili yana mtunzi aliye hai.