Mjadala: Kusomesha dhuluma za kihistoria sekondari ni kufukua makaburi?

Mzazi mmoja alinifuata baada ya kipindi akaniambia kwa upole kabisa: "Mwalimu, haya mambo mnayowasomesha watoto yanawapandia chuki. Wapeni hadithi nzuri wafaulu, basi." Siku ile sikumjibu vizuri, kwa hiyo naileta hoja yake hapa tuijadili. Msimamo wangu ni kwamba wasomeshwe, na wasomeshwe kwa maandishi ya walioumia wenyewe, wala si kwa muhtasari wa kitabu cha historia pekee.

Chukueni mfano ninaoutumia darasani. Mwaka 1942, baada ya Japani kuishambulia Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani huko Hawaii, Marekani iliwahamishia kambini kwa nguvu watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani, na wengi wao walikuwa raia wa kuzaliwa. Idadi hiyo mwanafunzi ataikariri, mtihani ukiisha imepotea. Sasa msomee tangazo lililobandikwa mitaani: njooni na matandiko, nguo, visu, uma, vijiko na sahani, mzigo usizidi mnaoweza kuubeba, wanyama wa kufugwa hawaruhusiwi. Nilipofika hapo msichana mmoja akauliza, "Sasa mbwa wao walimwacha na nani?" Darasa zima likanyamaza. Mashairi ya waliokulia kambini niliyowapa wiki iliyofuata hayakuhitaji maelezo mengi.

Wanaosema watoto wa upande uliodhulumu watabebeshwa hatia wasiyoitenda, naomba waitazame kesi ya Fred Korematsu, Mmarekani mwenye asili ya Kijapani. Alikuwa na miaka 23 alipokataa kuhama, akakamatwa. Mwaka 1944 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua dhidi yake, majaji sita wakikubaliana na serikali na watatu wakipinga. Hao watatu huwa nawataja kwa makusudi, maana mwanafunzi anaona kwamba hata wakati ule, kwenye benchi lile lile, ilikuwapo njia nyingine. Kutiwa kwake hatiani kulifutwa mwaka 1983, na mwaka 1988 sheria ikawapa manusura radhi ya serikali na dola 20,000 kila mmoja. Miaka zaidi ya 40! Wengi walishakufa.

Lakini yule mzazi ana haki mahali pamoja, nami nakiri. Wapo walimu wanaoigiza mnada wa watumwa darasani wakidhani wanafundisha huruma. Ule ni ukatili, hauna jina jingine. Wapo pia wanaomgeukia mtoto mmoja wa jamii inayosomwa, "Hebu tuambie ninyi mlijisikiaje," na macho ya wenzake arobaini yakamwangukia. Nimeliona hilo, yule kijana aliinamia daftari lake mpaka kengele ikalia. Na kosa la tatu, ambalo hatulisemi vya kutosha, ni kuchagua vitabu vya vilio tu. Mwanafunzi akiijua jamii fulani kwa pingu peke yake, bila mapenzi yao, utani wao na ugomvi wao wa nyumbani, hajawajua.

Linalonikwamisha ni umri. Wa miaka 13 na wa miaka 17 hawawezi kupewa maandishi yale yale, hasa yanayogusa ubakaji na mauaji ya watoto. Walimu wenzangu, ninyi mnaanzia wapi? Na wazazi, mngependa mjulishwe kabla, au mnatuachia wenyewe tuchague?